Namba ya tarakimu 25 isiyokubali ya 26

Walimu, wanafunzi, na wapenzi wa hesabu mliofika, karibuni. Mwenye karatasi na aandike namba hii. Nitaisoma kwa mafungu ya tarakimu tatu tatu, kutoka kushoto:

3 608 528 850 368 400 786 036 725.

Hesabuni tarakimu zake. Zinatakiwa 25. Ukipata 24, huenda umeandika 8 moja pale panapotakiwa mbili, au umemeza sifuri moja ya 400. Rekebisha sasa hivi, maana kazi yote inayofuata inategemea kila tarakimu kukaa mahali pake.

Haya, funikeni yote kwa kiganja mbaki na ile 3 ya mwanzo. Inagawanyika kwa 1. Hilo halina ubishi. Sogezeni kiganja nafasi moja: 36, inagawanyika kwa 2. Moja tena: 360, kwa 3. Kisha 3608 kwa 4, jawabu 902. 36085 kwa 5, jawabu 7217. 360852 kwa 6, jawabu 60142. 3608528 kwa 7, jawabu 515504. 36085288 kwa 8, jawabu 4510661. 360852885 kwa 9, jawabu 40094765.

Mwendo wake mmeuona. Kipande chenye tarakimu 10 za mwanzo kinagawanyika kwa 10, chenye 11 kwa 11, chenye 12 kwa 12, na hivyo hivyo bila kuteleza hata mara moja, mpaka namba nzima yenye tarakimu 25, ambayo inagawanyika kwa 25. Katika hesabu yetu ya makumi hakuna namba kubwa kuliko hii yenye sifa hiyo. Sisemi kwamba haijapatikana bado. Haipo, na kabla hatujaachana mtaona jambo kama hilo linavyothibitishwa mpaka mwisho.

Namba za namna hii watu huziita za ajabu. Mimi naona ajabu yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, na utamu wake ni mkubwa zaidi. Karibu kila kitu kinachoshangaza ndani yake kina sababu unayoweza kuihesabu kwa penseli: kwa nini zimejaa namba shufwa, kwa nini sifuri zimekaa pale zilipokaa, kwa nini safari inakatika karibu na 25 na si 12 wala 60.

Tuanze na ukaguzi, maana huko ndiko watu hukosea. Nafasi za shufwa, yaani ya 2, ya 4, ya 6 na kuendelea, lazima ziwe na tarakimu shufwa, kwa kuwa kipande kinachoishia hapo kinagawanywa kwa namba shufwa. Zisomeni: 6, 8, 2, 8, 0, 6, 4, 0, 8, 0, 6, 2. Hakuna witiri hata moja. Nafasi ya 10 na ya 20 lazima ziwe sifuri. Nafasi ya 5, ya 15 na ya 25 lazima ziwe 0 au 5. Hapa ni 5, 0, 5. Kwenye nafasi za 4, 8, 12, 16, 20 na 24, tazameni tarakimu mbili za mwisho za kipande: 08, 88, 36, 00, 60, 72. Zote zinagawanyika kwa 4.

Sasa tahadhari. Kwa 12, wengi hukagua 2 na 6 wakaridhika. Ni kosa: 18 inagawanyika kwa 2 na kwa 6, lakini kwa 12 haigawanyiki. Vigawo unavyovitumia kukagua visiwe na kigawo cha shirika zaidi ya 1. Kwa hiyo 12 inakaguliwa kwa 3 na 4, 18 kwa 2 na 9, 20 kwa 4 na 5, 24 kwa 3 na 8. Anayekagua 24 kwa 4 na 6 atapitisha hata 12 yenyewe.

Zinabaki zile namba tasa ngumu: 13, 17, 19 na 23. Hapa msitafute kanuni za kukariri. Tumieni mwendo mmoja unaofaa kwa kigawanyi chochote: shika baki, lizidishe kwa 10, ongeza tarakimu inayofuata, toa vigawe vya kigawanyi, shika baki jipya. Tufanye kwa 17 juu ya kipande cha tarakimu 17, yaani 36085288503684007.

Tunaanza na 3. Inakuja 6: 36, baki 2. Inakuja 0: 20, baki 3. Inakuja 8: 38, baki 4. Inakuja 5: 45, baki 11. Inakuja 2: 112, baki 10. Inakuja 8: 108, baki 6. Inakuja 8: 68, baki 0. Simameni hapa kidogo: kumbe 36085288 nayo inagawanyika kwa 17. Hiyo ni bahati tu, hakuna aliyeidai. Tunaendelea. Inakuja 5: baki 5. Inakuja 0: 50, baki 16. Inakuja 3: 163, baki 10. Inakuja 6: 106, baki 4. Inakuja 8: 48, baki 14. Inakuja 4: 144, baki 8. Inakuja 0: 80, baki 12. Inakuja 0: 120, baki 1. Inakuja 7: 17, baki 0.

Mnaona kwamba hatukushika namba yoyote kubwa kuliko 163. Ukifanya hivi kwa 23, namba kubwa kabisa utakayoishika haitafika 230. Namba ya tarakimu 25 inakaguliwa yote kwa jedwali la kuzidisha la darasani. Aliyekosa sifuri mwishoni asirudie kugawanya kwanza. Akague kama amenakili tarakimu sawasawa.

Na hapo pana sifa inayosahaulika. Kuanzia nafasi ya 10, tarakimu moja ikikosewa, jaribio la nafasi hiyo hiyo litaikamata, bila kushindwa kamwe. Sababu ni nyepesi. Ukibadilisha tarakimu ya mwisho ya kipande, unaongeza au kupunguza kitu kisichozidi 9. Kigawanyi kikiwa 10 au zaidi, badiliko hilo haliwezi kuwa kigawe chake, kwa hiyo baki halitakuwa sifuri tena. Chini ya 10 mambo hayako hivyo. Nafasi ya 7, kwa mfano, inakubali 8 na pia inakubali 1, maana 3608521 ni 7 pungufu ya 3608528. Ukiandika 1 kwa makosa, jaribio la 7 litakupitisha. Utakamatwa nafasi ya 8, kwa kuwa 218 haigawanyiki kwa 8.

Geuzeni hoja hiyo upande wa pili. Ikiwa kuanzia nafasi ya 10 kuna tarakimu moja tu inayokubalika, au hakuna kabisa, basi kuanzia hapo hakuna uchaguzi. Tarakimu 9 za mwanzo, 360852885, zimeshaamua zote 16 zinazofuata. Yule anayetaka kuikumbuka namba hii akumbuke hizo tisa tu, zilizobaki atazipata kwa kugawanya. Jaribuni: 3608528850 ikifuatwa na sifuri na kugawanywa kwa 11 inabakiza 8, inahitajika 3 kufikia kigawe kinachofuata, tarakimu ya 11 ni 3. Hamkuichagua ninyi, na wala hakuichagua mtu mwingine.

Kuna jambo moja niliondoe haraka, maana huandikwa vibaya mara nyingi. Namba hii haigawanyiki kwa kila namba kuanzia 1 hadi 25. Vipande vyake ndivyo vinavyogawanyika, kila kimoja kwa urefu wake. Namba yenyewe inaishia na 5, kwa hiyo ni witiri na haigawanyiki kwa 2. Jumla ya tarakimu zake ni 110, kwa hiyo haigawanyiki kwa 3. Ukiipitisha kwa 7, 11, 13, 17, 19 na 23 utapata baki kila mara. Kati ya 1 na 25, inagawanyika kwa 1, 5 na 25 basi. Anayetaka namba inayogawanyika kwa zote 25 atafute kigawe kidogo cha shirika, ambacho ni 26,771,144,400, namba ya tarakimu 11 tu.

Sasa tujaribu kuiongeza tarakimu ya 26. Tunataka tarakimu moja mwishoni ili namba mpya igawanyike kwa 26, yaani kwa 2 na kwa 13. Ipitisheni yote kwa 13 kwa mwendo ule ule wa baki. Mtaishia na 9. Ongezeni tarakimu mpya: 90 na hiyo tarakimu. Kigawe cha 13 kilicho karibu ni 91, kwa hiyo tarakimu inayotakiwa ni 1. Lakini 1 ni witiri, na 26 inadai shufwa. Kigawe kinachofuata ni 104, ambacho kinadai 14, na tarakimu zinakoma 9. Njia imefungwa. Imekwama kwa jambo dogo kama hilo: kwa 13 peke yake ingepita.

Swali la haki ni hili: kuna namba ngapi za aina hii kwa jumla, na kwa nini zinaisha? Hesabu kamili inajulikana. Zenye tarakimu moja ni 9, tukiacha sifuri. Zenye mbili ni 45, tatu 150, nne 375, tano 750, sita 1200, saba 1713, nane 2227, tisa 2492, kumi 2492. Kutoka hapo zinashuka: 2225, 2041, 1575, 1132, 770, 571, 335, 180, 90, 44, 18, 12, 6, 3, na mwisho 1. Jumla yake ni 20,456. Ijumlisheni wenyewe, ni zoezi zuri la dakika mbili.

Kwa nini kilele kiko nafasi ya 9 na ya 10? Kipande kikishapatikana, tarakimu inayofuata ina nafasi kumi za kujaribu, kuanzia 0 hadi 9. Kati ya namba kumi zinazofuatana, vigawe vya k ni wastani wa 10 gawanya kwa k. Kwa 2 ni vitano, kwa 5 ni viwili, kwa 10 ni kimoja kamili. Ndiyo maana 2492 inabaki 2492. Kuanzia 11 wastani uko chini ya kimoja, na ukoo unaanza kupungua. Kwa 25 ni mbili kwa tano.

Makadirio hayo yanakaa sawasawa kabisa mpaka nafasi ya 5: 9, mara 5 ni 45, mara 10 kwa 3 ni 150, mara 10 kwa 4 ni 375, mara 2 ni 750. Kisha nafasi ya 6 inadai 1250 lakini ukweli ni 1200. Hizo 50 zimekwenda wapi? Wachache huuliza, na jibu lake ndilo ninalolipenda kuliko yote katika namba hizi.

Tarakimu ya sita lazima iwe shufwa, na jumla ya tarakimu ya 4, ya 5 na ya 6 lazima igawanyike kwa 3, kwa kuwa tatu za mwanzo tayari zinagawanyika kwa 3. Tarakimu shufwa ni 0, 2, 4, 6, 8. Zigawanyeni kwa 3: 0 na 6 zinabakiza 0, 2 na 8 zinabakiza 2, 4 peke yake inabakiza 1. Upungufu ndio huo. Kipande kinachohitaji tarakimu yenye baki 0 au 2 kinapata watoto wawili. Kinachohitaji baki 1 kinapata mmoja.

Sasa tazameni nafasi ya 3. Kati ya namba 150 za tarakimu tatu, 75 zinaishia na shufwa na 75 na witiri. Zile za shufwa zinakubali 0, 4 au 8 nafasi ya 4, na 0 au 5 nafasi ya 5: njia sita. Ukizifuata zote, mabaki yanagawana kwa usawa, na zinatoa vitukuu 10 kila moja. Zile za witiri zinakubali 2 au 6 tu nafasi ya 4, na 0 au 5 nafasi ya 5: njia nne. Lakini kati ya hizo nne, mbili zinaangukia kwenye uhitaji wa 4, ile ya peke yake. Zinatoa 6 kila moja. Basi 75 mara 10 ni 750, na 75 mara 6 ni 450. Jumla 1200. Makadirio yalidhani mabaki yanagawana sawa kila mahali, na hapa hayakugawana.

Hata hivyo makadirio yenyewe si mabaya. Ukiyaandika yote, idadi inayotarajiwa kwa tarakimu k ni 9 mara 10 yenye kipeo k−1, gawanya kwa faktoria ya k, yaani 1 mara 2 mara 3 na kuendelea mpaka k. Kwa 9 yanatoa 2480, ukweli 2492. Kwa 24 yanatoa karibu 1.45, ukweli 3. Kwa 25 yanatoa 0.58, ukweli 1. Kwa 26 yanatoa 0.22, ukweli 0. Yajumlisheni yote bila kikomo mnapata 0.9 mara (e, ile namba ya karibu 2.718, kwa kipeo cha 10, toa 1), yaani kama 19,823, ukilinganisha na 20,456 za kweli. Kwa hiyo mtu asiyewahi kuiona namba yetu angeweza kutabiri kwamba ukoo huu utazimika mahali fulani karibu na tarakimu 25. Asichoweza kutabiri ni tarakimu zenyewe.

Hata lile anguko la mwisho, kutoka 3 hadi 1, lina maelezo. Kipande cha 25 kinaishia na 00, 25, 50 au 75. Tarakimu ya 24 ni shufwa, kwa hiyo 50 na 75 haziwezekani. Inabaki 0 au 2. Kati ya zile tatu zenye tarakimu 24, mbili zina 4, 6 au 8 mwishoni na zimekufa hapo hapo. Ya kwetu ina 2.

Turudi kidogo kwenye nafasi ya 9. Kati ya zile 2492 iko moja, moja tu, inayotumia tarakimu zote 1 hadi 9 bila kurudia: 381654729. Hii inaweza kutafutwa kwa mkono, na kila mwanafunzi anapaswa kuipata mwenyewe angalau mara moja. Fuateni.

Nafasi ya 5 ni 5, maana sifuri haitumiki. Nafasi za shufwa zinachukua 2, 4, 6, 8, na za witiri zinabaki na 1, 3, 7, 9. Nafasi ya 3 ni witiri, kwa hiyo nafasi ya 4 ni 2 au 6, maana witiri ikifuatwa na 4 au 8 haigawanyiki kwa 4. Kwa 8 tunatazama tarakimu tatu za mwisho, lakini nafasi ya 6 ni shufwa na mia mbili inagawanyika kwa 8, kwa hiyo zinatosha mbili: 16, 32, 72 au 96. Basi nafasi ya 8 nayo ni 2 au 6. Kwa hiyo 4 na 8 zinakwenda nafasi ya 2 na ya 6.

Nafasi ya 4, 5 na 6 zijumlishwe zigawanyike kwa 3: inawezekana 258 au 654, basi.

Chukueni 258. Nafasi ya 2 inakuwa 4 na ya 8 inakuwa 6. Tatu za mwanzo zinadai 1 na 7 kuizunguka ile 4, na nafasi ya 7 inakuwa 9. Mnapata 1472589 na 7412589 za kujaribu kwa 7: ya kwanza inabakiza 6, ya pili 2. Zimeanguka zote mbili.

Chukueni 654. Nafasi ya 2 ni 8, ya 8 ni 2, na nafasi ya 7 ni 3 au 7. Wanabaki wagombea wanane: 1836547, 3816547, 1896543, 1896547, 9816543, 9816547, 7896543 na 9876543. Mabaki yao kwa 7, kwa mpangilio huo, ni 6, 0, 5, 2, 2, 6, 4, 5. Amepita mmoja. Jaribio la 9 halihitajiki hata kidogo, maana 1 hadi 9 zikijumlishwa ni 45 kwa mpangilio wowote. Ukiongeza 0 mwishoni, nafasi ya 10 nayo imetimia: 3816547290.

Wale watakaotaka kuutafuta ukoo wote kwa kompyuta, nawaomba wasijaribu namba moja moja. Namba za tarakimu 25 ni 9 mara 10 kwa kipeo cha 24. Mashine inayojaribu bilioni moja kwa sekunde ingehitaji kama miaka milioni 285. Jengeni kwa hatua. Chukua orodha ya vipande hai. Kila kipande kizidishe kwa 10, tafuta baki kwa k. Baki likiwa 0, tarakimu ya kwanza ni 0. La sivyo ni k toa baki. Ikizidi 9, kipande kimekufa. Isipozidi, kiandike, kisha ongeza k tena na tena mpaka upite 9. Orodha haitazidi vipande 2492 wakati wowote, na kazi yote inaisha kabla hujainua kidole kwenye kitufe.

Kinachoharibika ni hifadhi ya namba. Lahajedwali hushika tarakimu 15 za maana. Ukiandika namba yetu humo itageuka 3608528850368400000000000, na haitakuonya. Namba za desimali za biti 64 hushika namba nzima zote bila kuruka mpaka 9,007,199,254,740,992. Kwenye ukubwa wa namba yetu, hatua kati ya namba moja na inayofuata ni 536,870,912, kwa hiyo tarakimu tisa za mwisho ni za kubahatisha. Namba nzima za biti 64 zenye alama zinaishia 9,223,372,036,854,775,807, tarakimu 19; ukizidi hapo, katika lugha nyingi namba inageuka hasi kimyakimya na programu inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Dalili utakayoiona ni orodha kufa mapema au kutokufa kabisa. Ukiona idadi yako inaachana na 90, 44, 18 baada ya nafasi ya 18, usitafute kosa kwenye hesabu, litafute kwenye aina ya namba. Lugha ya programu ya Python haina shida hiyo kwa namba nzima, mradi utumie alama ya % kupata baki. Ukitumia / umerudi kwenye desimali na matatizo yake.

Niliahidi uthibitisho wa kutokuwepo. Ukoo wa makumi una matawi 20,456, hautoshi ubaoni. Lakini hesabu ya msingi wa tatu, yenye tarakimu 0, 1 na 2 tu, inatosha yote, na hoja ni ile ile. Nitaiandika kwa namba zetu za kawaida. Kila hatua zidisha kwa 3, kisha una namba tatu zinazofuatana za kuchagua.

Nafasi ya 1: 1 na 2. Nafasi ya 2, vigawe vya 2: kutoka 1 tunapata 4, kutoka 2 tunapata 6 na 8. Nafasi ya 3: 12, 18, 24. Nafasi ya 4: 36, 56, 72. Nafasi ya 5: kutoka 36 tunapata 110, kutoka 56 tunapata 170, kutoka 72 tuna 216, 217 na 218, hakuna kigawe cha 5, tawi limekufa. Nafasi ya 6: 330 na 510. Namba 510, kwa msingi wa tatu, inaandikwa 200220.

Nafasi ya 7. Kutoka 330 tuna 990, 991, 992. Vigawe vya 7 vilivyo karibu ni 987 na 994. Kutoka 510 tuna 1530, 1531, 1532. Vilivyo karibu ni 1526 na 1533. Matawi yote yamekwisha, jumla yake 15, na hakuna lililoachwa bila kutazamwa.